Kona ya Duli Lomatter

Duli Lomatter alikufa mwezi wa Julai, na kijijini kwetu Zenmatten hilo lilihesabiwa kuwa kosa lake la mwisho. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Amandus Burgener, aliniambia hivyo pale pale makaburini, huku akijifuta jasho la shingo.

"Julai, Gervas! Julai kuna nani hapa? Wapanda milima wawili na ng'ombe. Angesubiri Desemba tu, tungemzika kwa heshima zote."

"Hakuwahi kumsubiri mtu," nikamwambia.

"Ndiyo maana alikuwa na maadui," akasema Amandus, akavaa kofia yake, akaenda kula.

Tuliomzika tulikuwa kumi na wanne, pamoja na padri, na huyo padri mwenyewe alikuwa wa kuazima kwa sababu wa kwetu alikuwa likizo. Ndiyo hivyo. Mtu aliyeteremka theluji ya mlima wa Schwarzegg kwa mwendo wa kilomita mia na thelathini kwa saa, mbao za skii miguuni na, wengine walidai, akili mfukoni, aliuawa na ngazi yenye vidato saba. Alikuwa ameshuka bondeni kumsaidia shemeji yake kuchuma aprikoti. Wakamwambia asubiri ashikiliwe ngazi. Akawaambia yeye hashikiliwi. Akaanguka na ndoo nzima ya matunda. Mkewe, Filomena, anasema aliendelea kuitukana ile ngazi kwa dakika mbili hivi, kisha akanyamaza, na hapo ndipo walipojua kwamba mambo ni mabaya.

Chama cha Mbio za Milima Mitatu, ambacho Duli alikiletea makombe manne, hakikutuma hata ua. Ila nisiwaonee: mwezi wa Septemba walituma barua. Walitaka kujua kama familia inaweza kurudisha fulana ya mashindano ya mwaka 1973, ambayo kwenye vitabu vyao ilikuwa bado haijarudishwa.

Mimi naitwa Gervas Ruppen. Kama jina hilo halikuambii kitu, usijisumbue. Halimwambii mtu yeyote kitu. Kwa misimu minne mfululizo nilikuwa wa pili nyuma ya Duli. Tazama picha yoyote ya washindi ya miaka ile: katikati yuko Duli, amekunja uso kama mtu aliyekanyagwa, na pembeni yake kuna bega na nusu ya sikio. Lile sikio ni langu.

Tulikua pamoja, nyumba yao juu ya yetu, kiasi kwamba wakitikisa kitambaa cha meza makombo yanaangukia kwetu. Watu siku hizi wanapenda kusema alikuwa muasi, kana kwamba ilikuwa kazi ya kuajiriwa. Duli hakuwa akiasi. Alikuwa hawezi tu kusikia upuuzi akanyamaza. Ni ugonjwa. Chama kilipotugawia kofia zenye jina la kiwanda cha soseji, sisi wote tulizivaa, tena mimi niliivaa hata kanisani. Duli akavaa kofia ya njano aliyofumiwa na mama yake, iliyofanana kabisa na kile kitambaa cha kufunikia birika la chai. Mwandishi wa habari akamuuliza kwa nini.

"Mama yangu ananipikia," akajibu. "Hawa wa soseji hata kipande sijawahi kuona."

Mwaka mwingine, kwenye karamu ya kukabidhi zawadi, viongozi walihutubia dakika arobaini huku supu ikipoa. Duli akalichukua kombe lake la fedha, akamimina supu ndani, akaanza kula. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, kisha nikageuza uso haraka ili viongozi wasinione.

Wala hakuwa malaika. Aliazima vifaa akavirudisha vimevunjika, tena akakulaumu kwamba ulinunua vifaa vibovu. Alimpiga kaka yangu ngumi kwa ajili ya ng'ombe ambaye hakuwa wa yeyote kati yao. Na kijiji kilikuwa na sababu yake rasmi ya kumchukia. Walipokata msitu wa juu ili kupanua njia ya wageni, Duli aliandika gazetini kwamba ile miti ndiyo inayozuia theluji isiporomoke. Wakamwita mchawi wa maendeleo. Baridi iliyofuata theluji ikaporomoka, ikabeba mgahawa mzima wa baba yake Amandus, bahati nzuri ukiwa umefungwa. Kumkosea mtu akakusamehe, hilo hutokea. Lakini kuwa sahihi mbele ya kijiji kizima, hilo halina msamaha. Miaka ishirini hawakumsalimu.

Kwa hiyo unaweza kukisia furaha yangu Amandus alipokuja kwangu mwanzoni mwa Desemba, amebeba bahasha na chupa ya mvinyo mweupe, akaketi bila kukaribishwa.

"Tumeamua kumkumbuka Duli," akasema.

"Nani tumeamua?"

"Kijiji. Chama. Ofisi ya utalii. Watu wote, Gervas! Jumamosi kabla ya Krismasi, saa nne asubuhi, matarumbeta, jibini ya kuyeyushwa, kila kitu. Ile kona ya chini ya Schwarzegg tunaipa jina. Kona ya Duli. Wageni wanapenda kona yenye mtu aliyekufa."

"Hakufia pale."

"Hawataki maelezo mengi." Akanisogezea bahasha. "Na wewe ndiye utakayezungumza. Ni wewe peke yako uliye hai uliyewahi kumshinda."

"Nilimshinda mara moja."

"Kwa hotuba mara moja inatosha, ndugu yangu. Hata usijisumbue kuandika, dada mmoja wa ofisi ya utalii ameshaandika. Wewe soma tu, halafu lia kidogo mwishoni. Nimeweka alama mahali pa kulia."

Alipoondoka nikafungua bahasha. Ilianza hivi: *Duli alikuwa muasi mwenye moyo wa dhahabu, na kona hii ndiyo aliyoipenda kuliko zote.* Nikaufungua mvinyo wake nikaunywa, maana angalau mvinyo ulikuwa wa kweli.

Sasa lazima niseme habari ya kona ile.

Ilikuwa Januari ya mwaka 1976, Kombe la Milima Mitatu, hapa hapa kwetu. Siku ya mazoezi wakimbiaji wawili walianguka kwenye ile kona, wakasimama sentimita chache kutoka kwenye miti. Chama kilichukua hatua kali: kiliweka marobota matano ya nyasi kavu. Nyasi ile ilinyeshewa, ikaganda, na kufika jioni ungeweza kujengea nyumba.

Duli akamwendea katibu wa mashindano. Alikuwa kijana wa miaka thelathini kutoka mjini, Hunziker, mwenye saa nzuri na redio ya mkononi aliyoipenda kama mtoto.

"Weka nyavu," Duli akamwambia.

"Nyavu zitafika wiki ijayo. Televisheni inaanza kesho saa tano."

"Basi televisheni itangulie kupita kwenye kona."

"Lomatter, kazi yako ni kuteremka."

"Na ya kwako?"

Hunziker akatazama saa.

Asubuhi ya pili, kwenye kifungua kinywa, Duli alipanda juu ya kiti. Tulikuwa wakimbiaji kumi na wanane. Akasema maneno machache: hakuna anayeteremka mpaka nyavu zifike, wote tuketi chini, hawawezi kutufuta wote. Tukakubali. Tukapiga meza kwa ngumi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka yai la mtu likadondoka.

Duli alikuwa na namba moja. Kwenye kibanda cha kuanzia alivua skii, akaketi kwenye theluji mbele ya mlango, akatoa mkate mweusi na nyama kavu, akaanza kula taratibu. Aliyekuwa akihesabu akahesabu mpaka mwisho, akahesabu tena, Duli anatafuna. Redio ikakoroma, sauti ya Hunziker kutoka chini: "Namba moja amefutwa. Namba mbili!"

Namba mbili nilikuwa mimi. Ningekuwa namba ngapi nyingine?

Ningependa kusema kwamba sikufikiri. Watu husema hivyo: nilijikuta tu. Mimi sikujikuta. Nilifikiri vizuri sana. Nilifikiri kwamba Duli hayumo, na kwamba siku nyingine ya Duli kutokuwemo haipo. Nikavuta miwani usoni. Na Duli hakunizuia. Alikunja tu miguu yake ili nipite, kama unavyompisha mtu kwenye benchi la kanisani.

Ile kona haikuwa ngumu kwa mtu mwoga. Nilifunga breki kidogo, nikapita. Nyuma yangu, wenzangu walipoona mmoja ameshuka, nao wakashuka: watatu, wanne, watano, ngumi zao zote za mezani wamezisahau. Namba tisa alikuwa Anselm Kalbermatten wa Visp, miaka ishirini na miwili, mwenye vipaji kuliko mimi. Anselm hakufunga breki. Aligonga robota la nyasi, robota halikusogea hata kidogo, naye akarushwa msituni.

Duli alisikia kwenye redio pale juu. Akavaa skii, akateremka njia ile ile ya mashindano, wanasema kwa mwendo ambao ungempa ushindi siku hiyo kama kungekuwa na mtu wa kumpima. Alimfunga Anselm mguu kwa mkanda wa suruali yake, akamvalisha koti lake, akakaa naye akimtukana asilale mpaka machela ilipofika. Mashindano yalisimama dakika ishirini. Kisha yakaendelea, maana televisheni ilikuwa bado ipo. Mimi nikashinda. Anselm akakatwa mguu wa kulia juu ya goti.

Jumanne viongozi wa Chama walikaa kikao. Walimfungia Duli miaka miwili kwa makosa mawili: kuingia kwenye njia ya mashindano bila ruhusa, na kula katika eneo la kuanzia. Mimi niliitwa kama shahidi. Waliniuliza kama ni kweli wakimbiaji walikuwa wamekubaliana asubuhi ile kutokuteremka. Nikasema sikumbuki vizuri. Zilikuwa zimepita siku tatu.

Duli hakurudi tena mashindanoni. Akiwa na miaka ishirini na sita alirudi kwenye nyasi na ng'ombe wa baba yake, akamwoa Filomena, akaendelea kugombana na serikali ya kijiji. Kuhusu siku ile hakuniambia neno lolote, wala zuri wala baya. Ila kila asubuhi, kwa miaka arobaini na sita, tulipokutana kwenye ngazi kati ya nyumba zetu, alinivulia kofia.

"Umeamkaje, Bingwa?"

Na mimi nilijibu, "Salama, Duli." Ungejibu nini?

Jumamosi ya kumbukumbu ikafika na jua kali, kama ofisi ya utalii ilivyoagiza. Walikuwa watu kama mia tatu, wengi wao wageni waliovaa makoti yenye rangi za peremende, wakiulizana Duli ni nani. Wapiga matarumbeta walikuwa wamevaa sare, midomo imewaganda, kila wimbo ukitoka kama mbuzi anayekohoa. Filomena alisimama mbele kabisa, amevaa koti la kazi la marehemu lenye harufu ya zizi, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Na pale pembezoni mwa kona, nyavu. Safu tatu, ndefu, za rangi ya machungwa, imara kiasi cha kuzuia ng'ombe mwenye hasira. Nilizigusa. Zilikuwa nzuri kabisa.

Hunziker alihutubia wa kwanza. Sasa ni rais wa heshima wa Chama, mzee wa miaka sabini na sita, mkongojo mkononi, saa bado nzuri.

"Duli Lomatter," akasema, "alitufundisha maana ya usalama. Alikuwa sauti ya wakimbiaji. Na sisi katika Chama, daima, tulimsikiliza."

Filomena akacheka. Hakujificha, alicheka kwa sauti, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akainama. Hunziker akadhani analia. Akasimamisha hotuba, akamwendea taratibu, akampa kitambaa chake. Filomena akakipokea, akapenga kamasi, akakitia mfukoni.

Kisha wakafunua bamba la shaba. Lilisema: *Hapa Duli Lomatter alikuwa nyumbani.* Wageni wakapiga picha. Amandus akanipungia mkono.

Nikapanda kwenye kisanduku cha mbao, nikatoa karatasi, nikasoma sentensi ya kwanza. Moyo wa dhahabu. Kona aliyoipenda. Nikamtazama Filomena. Hakuwa amenikazia macho ya kunishitaki, kama unavyoweza kudhani. Alikuwa anatafuta kitu katika mifuko ya lile koti, akatoa kipande cha mkate kikavu, akakiangalia, akakirudisha. Sijui kwa nini kitu hicho kilinishinda. Nikaikunja karatasi.

"Haya si kweli," nikasema. "Duli hakuipenda kona hii. Alitaka iwekwe nyavu. Chama kilikataa. Asubuhi ile tulikubaliana wote tusishuke, na mimi niliapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha mimi ndiye niliyeshuka wa kwanza. Waliobaki walinifuata. Anselm Kalbermatten alipoteza mguu hapa, pale kwenye mti ule, na Duli akafungiwa kwa sababu alikwenda kumwokoa. Waliponiita kutoa ushahidi nikasema sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka. Kombe lile nimelitia kabatini miaka arobaini na sita, na silo langu. Basi."

Bendera ikapigapiga kwenye mlingoti. Nikawaza: sasa. Sasa watanizomea, na itakuwa haki, na itakuwa imekwisha.

Mwanamume mmoja mwenye koti jeupe akaanza kupiga makofi. Akafuatiwa na mkewe. Kisha wote mia tatu, wakipiga makofi kwa glavu nene, ile sauti ya mazulia yanayokung'utwa. Amandus alikuwa analia machozi ya kweli, tena mahali ambapo hakukuwa na alama.

"Unyenyekevu!" akapaza sauti kwenye kipaza sauti. "Mnaona unyenyekevu wa mabingwa wa zamani? Siku hizi mtawapata wapi?"

Binti wa gazeti akaniomba nisimame kando ya bamba la shaba, nitabasamu kidogo, hapana, si sana. Hunziker akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umesema vizuri sana, Bwana Ruppen. Vizuri sana. Ingawa sisi wazee, kumbukumbu zetu..."

"Wewe ndiye uliyeshika redio," nikamwambia.

"Aa, redio za zamani zile," akasema kwa upole. "Zilikuwa hazisikiki."

Nimewahi kuanguka mara nyingi maishani, lakini sijawahi kujirusha kutoka juu hivyo nikaangukia kwenye godoro. Nilikiri mbele ya kijiji kizima na kijiji kikaniongezea heshima. Gazeti la Jumatatu liliandika: *Bingwa amlilia mpinzani wake.* Kwa mara ya kwanza sikio langu lote lilionekana pichani.

Baada ya sherehe watu waliingia kwenye kibanda kula jibini na viazi. Filomena alikuwa ameketi peke yake kwenye meza ya nje, sahani magotini. Nikaenda.

"Shemeji," nikasema, "ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Habari ya asubuhi ile. Kwamba tulikubaliana."

"Gervas, mume wangu alikuwa anaongea usingizini, ningekosaje kujua?" Akamenya kiazi. "Hata hivyo alijua mapema kwamba utashuka. Alinieleza. Alipokuwa juu ya kile kiti, aliona jinsi ulivyopiga meza, akajiambia: huyu atashuka. Mtu anayekusudia kukaa hapigi meza hivyo."

"Na bado akaketi."

"Angefanya nini, akimbie?"

Nikauliza jambo ambalo nilikuwa nimelala nalo miaka yote. "Na ile 'Bingwa' ya kila asubuhi? Alikuwa na maana gani?"

"Alitaka kukuudhi."

"Basi?"

"Basi. Ulikuwa unaudhika?"

"Kila siku."

"Hapo ungeniambia mapema, angefurahi sana." Akala kiazi chake, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Umetusimulia sisi, shemeji. Mimi nilishajua, na hawa wenye makoti hawakusikia. Anselm umeshamwambia?"

Nikasema hapana.

"Umewahi kwenda kwake?"

Nikasema hapana.

"Anakaa Visp. Siyo mwezini."

Ni kilomita ishirini na mbili. Alhamisi iliyofuata niliendesha gari kwa mwendo wa jeneza, nikisimama kuangalia mandhari ambayo nimeiona maisha yangu yote. Filomena ndiye aliyeniambia niende Alhamisi. Hakusema kwa nini. Anselm anakaa ghorofa ya tatu nyuma ya stesheni ambako aliwauzia abiria tiketi miaka arobaini. Alinifungulia mlango mwenyewe, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe, anaegemea gongo.

"Nani wewe?"

"Gervas Ruppen."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Aaa. Namba mbili. Nimekuona gazetini unatabasamu."

"Waliniambia nitabasamu."

"Wewe kuambiwa tu." Akaegemea mlango. "Umekuja kuniomba radhi?"

"Ndiyo."

"Utaniomba hapa mlangoni, au ndani? Baridi inaingia."

Ndani kulikuwa na wazee wawili mezani, majirani zake, na karata, na mkate, na nyama kavu. Nikasema yote mbele yao nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Nilikuwa nimeyapanga njiani; yakatoka ovyo. Anselm alisikiliza bila kunikatiza, akikuna ndevu.

"Sikiliza," akasema nilipomaliza. "Na mimi nilipiga meza asubuhi ile. Nilikuwa namba tisa. Nani alinisukuma? Nilishuka kwa miguu yangu mwenyewe, wakati huo nilikuwa nayo. Kwa hiyo la kwangu ninalijua. Lakini kupita wa kwanza, pale Duli alipokunja miguu, hilo ni lako, na usiniletee hapa tugawane. Mimi wa kubeba mizigo ya watu? Nina mguu mmoja."

"Sijaja kukugawia."

"Ulikuja. Wote mnakuja hivyo. Wale wengine walikuja mapema zaidi, hilo tu. Namba tano alinililia humu ndani saa mbili nzima, ikabidi nimpikie." Akavuta kiti kwa gongo. "Duli ndiye hakuwahi kuniletea huzuni. Alikuja kila Alhamisi, miaka arobaini na sita. Akala nyama yangu yote, akaiba kwenye karata, akaniambia ninacheza kama askofu. Baridi moja tuligombana, sikumbuki kwa nini, akaacha kusema nami. Lakini akaja. Miezi minne, kila Alhamisi, anaketi hapo, anacheza, haongei. Unajua adha ya kucheza karata na mtu aliyenuna?"

Mmoja wa wale wazee akatikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyekuwa upande wake."

"Tangu Julai tunacheza watatu," Anselm akasema. "Mchezo wa watu wanne kuchezwa na watatu, ni aibu. Unajua karata?"

"Kidogo."

"Unaiba?"

"Hapana."

"Pole sana." Akanielekeza kiti. "Si hicho. Hicho kina mguu mbovu, Duli alikivunja akasema nilinunua kibovu. Kaa hapo."

Nikakaa. Nilicheza vibaya kuliko nilivyowahi kucheza chochote. Nilikuwa upande wa Anselm, na kila nilipotupa karata alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Tulishindwa mara sita. Hakuna aliyeniambia kwamba nimesamehewa, na nilipovaa koti langu kuondoka hakuna aliyesimama.

"Alhamisi," Anselm akasema, akikusanya karata. "Saa nane. Ulete nyama, usije mikono mitupu kama yule."

Alhamisi iliyofuata theluji ilifunga barabara. Nikashuka kwa treni, nyama ikiwa imefungwa kwenye gazeti, nikafika nimechelewa robo saa. Mlango ulikuwa wazi, na Anselm alikuwa ameshagawa karata kwa watu wanne.